Mwongozo Kamili: Kujikinga na Matapeli na Kulinda Taarifa Zako Ukiwa Safarini Nje ya Nchi

Wasafiri wengi hukwama mahali palepale. Simu inaibwa mchana kweupe. Ndani yake mna laini, na benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyohiyo. Kadi za benki zilikuwa nyuma ya kava la simu. Picha ya pasipoti imo kwenye albamu ya picha, na namba ya ubalozi imehifadhiwa humohumo. Mtu anabaki ugenini bila fedha wala mawasiliano. Akiomba kutumia kompyuta ya hoteli ili aingie kwenye barua pepe yake, barua pepe nayo inadai namba iliyotumwa kwenye simu aliyoibiwa.

Kumwambia mtu huyu "uwe macho" hakumsaidii. Wizi wa sekunde mbili umegeuka janga kwa sababu kila kitu chake kilining'inia kwenye kifaa kimoja. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili ukiibiwa upoteze kitu kimoja tu, na tapeli akikufikia asipate alichokijia. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya kuondoka nyumbani, na hapo ndipo wengi hupavuka haraka.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kadi mbili za benki za akaunti tofauti. Moja ni ya matumizi, unaiwekea fedha kidogokidogo. Nyingine ni ya akiba, haitembei nawe barabarani.
- Simu iliyosasishwa, chaja yako mwenyewe na plagi ya kugeuzia.
- Programu ya kutunza nywila, na programu ya kutengeneza namba za uthibitisho.
- Nakala mbili za karatasi za ukurasa wa picha wa pasipoti, pamoja na picha mbili ndogo za pasipoti.
- Karatasi moja tupu na kalamu.
- Kifuko chembamba cha kuvaa ndani ya nguo.
- Jioni moja isiyo na haraka, angalau wiki moja kabla ya safari.

Vifuko vya kuzuia pasipoti isisomwe kwa mawimbi si lazima. Kwa kawaida chipu ya pasipoti ya kielektroniki haitoi taarifa zake mpaka kisomeo kipewe namba ya pasipoti, tarehe yako ya kuzaliwa na tarehe ya pasipoti kwisha muda. Zote tatu zimechapwa kwenye ile mistari miwili ya herufi na namba iliyo chini ya ukurasa wa picha. Kinachostahili ulinzi, basi, ni picha ya ukurasa huo.

## Hatua ya 1: Tenga akaunti zako na laini ya simu

Anza na barua pepe, kwa sababu anayeishika anaweza kubadilisha nywila za akaunti nyingine zote. Ingia kwenye mipangilio ya usalama, uondoe uthibitisho wa ujumbe mfupi na uweke programu ya kutengeneza namba. Programu hiyo huzalisha namba mpya kila baada ya sekunde 30 ndani ya simu yenyewe, bila mtandao, kwa hiyo itafanya kazi hata laini yako ya nyumbani ikiwa haipati mawimbi ugenini.

Akaunti itakupa pia namba za dharura za kuingilia, kila moja ya kutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi. Ukizipiga picha ya skrini na kuiacha kwenye simu, umerudi ulikotoka.

Kisha washa namba ya siri ya laini. Wengi hawaijui hatua hii, na ndiyo huwaumiza. Mwizi hahitaji kufungua simu yako. Anatoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine, anabonyeza "nimesahau nywila" na kusubiri ujumbe uingie kwake. Laini yenye namba ya siri itamgomea: akikosea mara tatu inajifunga, na kuifungua kunahitaji namba ya PUK yenye tarakimu 8.

Tahadhari: laini huja na namba ya siri ya awali kutoka kwa kampuni ya simu. Waulize kwanza, usibahatishe, maana unaweza kuifunga mwenyewe usiku wa kuamkia safari. Namba ya PUK iandike kando.

Zipo benki ambazo hazitumi uthibitisho kwa njia nyingine ila ujumbe mfupi. Zungumza nao kabla hujaondoka, uwaambie unakwenda wapi na kwa muda gani, kisha uulize utafanyaje laini ikipotea.

Jipime hivi: zima simu yako, kaa kwenye kompyuta usiyoizoea, ujaribu kuingia kwenye barua pepe kwa karatasi uliyoandika. Ukiingia, hatua hii imekamilika. Ukishindwa, ni heri umeshindwa ukiwa nyumbani.

## Hatua ya 2: Ifunge simu yenyewe

Weka namba ya kufungulia ya tarakimu sita au zaidi, na uzuie maandishi ya ujumbe yasionekane kabla simu haijafunguliwa. Mwizi mwenye subira hutazama kwanza ukibonyeza namba zako, ndipo anaiba. Kwa sababu hiyo, hadharani fungua simu kwa alama ya kidole au uso.

Wenye iPhone wana kinga ya kifaa kilichoibwa, iliyoletwa na toleo la iOS 17.3 mwezi Januari 2024. Ikiwashwa, mtu aliye mbali na maeneo yako ya kawaida hawezi kubadilisha nywila ya akaunti kwa namba ya kufungulia peke yake. Inadaiwa sura au kidole, kisha kusubiri saa moja. Simu nyingi mpya za Android nazo zinaweza kujifunga zenyewe zikihisi zimepokonywa mkononi kwa kasi. Tafuta kinga hizi kwenye mipangilio ya usalama na uziwashe, pamoja na huduma ya kuitafuta simu iliyopotea.

Piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za utambulisho wa simu. Polisi na kampuni ya simu watazihitaji. Halafu pitia albamu yako ya picha na ufute pasipoti, vitambulisho na kadi. Nakala ya kidijitali ikae kwenye programu ya nywila au hifadhi ya mtandaoni iliyofungwa.

## Hatua ya 3: Andika karatasi moja

Karatasi hii huokoa safari. Andika namba ya benki inayopigika kutoka nje ya nchi, yaani inayoanza na alama ya + na msimbo wa nchi, kwa sababu namba fupi za huduma kwa wateja mara nyingi hazipatikani ugenini. Ongeza tarakimu nne za mwisho za kila kadi, utambulisho wa simu, namba ya PUK, namba ya bima ya safari, simu ya ubalozi wako katika nchi unayokwenda na simu ya ndugu mmoja. Namba za siri za kadi wala nywila zisikaribie hapo, na zile namba za dharura za barua pepe ziwe kwenye kipande kingine cha karatasi.

Nakala moja mwachie ndugu yako. Mkiwa bado mmekaa pamoja, kubalianeni swali ambalo jibu lake haliko mtandaoni. Wapo matapeli wanaosubiri kujua kwamba umesafiri, kisha wanaandikia nyumbani: "Mama, simu yangu imeibwa, natumia ya rafiki, nitumie fedha haraka." Siku hizi hata sauti inaweza kuigizwa kwa kompyuta. Mama akijua kwamba kazi yake ya kwanza ni kuuliza lile swali, hatalazimika kuamua kwa hofu.

## Hatua ya 4: Viza, tiketi na malazi

Ukitafuta viza mtandaoni, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kulipia. Baadhi ni madalali wanaotoza juu ya ada halisi, baadhi ni wezi. Wote wawili wanabaki na picha ya pasipoti yako.

Jifunze kusoma anwani ya tovuti. Tafuta mkwaju (alama /) wa kwanza ulio mmoja baada ya jina, kisha soma kilicho mara tu kabla yake. Tovuti za serikali ya Marekani huishia na .gov hapo, za serikali kuu ya Uingereza huishia na gov.uk. Neno "gov" likiwa katikati, limeunganishwa kwa kistari, au likifuatiwa na .com, halithibitishi chochote. Njia salama zaidi ni kuanzia kwenye tovuti ya ubalozi na kufuata kiungo kilichopo humo.

Kwenye malazi kuna mtego ambao hata waangalifu hunaswa. Umeshalipa chumba. Siku chache kabla ya kufika unapata ujumbe: kadi yako haijathibitishwa, lipia tena kupitia kiungo hiki ndani ya saa 12, la sivyo chumba kitafutwa. Ujumbe umeingia kwenye mazungumzo yaleyale uliyokuwa nayo na hoteli. Una jina lako, tarehe zako, hata aina ya chumba.

Unaonekana wa kweli kwa sababu akaunti ya hoteli yenyewe imevamiwa. Taarifa sahihi zinaonyesha tu kwamba mwandishi amezipata mahali. Usibonyeze. Tafuta namba ya hoteli kwenye tovuti yao, uwapigie na uwaulize. Mwenye nyumba akikutaka utoke kwenye jukwaa mlikokutana umtumie fedha moja kwa moja, tafuta nyumba nyingine. Nje ya jukwaa huna pa kudai.

## Hatua ya 5: Usitangaze safari ukiwa bado njiani

Mwaka 2020 waziri mkuu wa zamani wa Australia, Tony Abbott, aliweka Instagram picha ya pasi yake ya kupandia ndege. Mtaalamu mmoja wa kompyuta alitumia msimbo wa kuhifadhi safari ulioonekana pale kuingia kwenye ukurasa wa kusimamia safari, na kutoka humo akapata namba ya pasipoti na ya simu ya kiongozi huyo. Bahati njema, alitoa taarifa badala ya kuzitumia vibaya.

Mashirika mengi ya ndege hudai vitu viwili tu kukufungulia safari yako: jina la ukoo na msimbo wa herufi na namba sita. Vyote vimo kwenye pasi ile, hata ndani ya msimbo wa mistari. Ichane vipandevipande ukishamaliza safari. Picha nzuri zisubiri urudi, au angalau uhame hoteli.

## Hatua ya 6: Fedha na mtandao baada ya kufika

Mashine ya kutolea fedha. Chagua iliyo ndani ya tawi la benki, wakati tawi liko wazi. Ni vigumu kubandika kifaa cha kunakili kadi mbele ya walinzi, na kadi ikimezwa kuna mtu wa kumwendea.

Kabla ya kuingiza kadi, shika mdomo wa tundu lake uutikise. Kilichoundwa pamoja na mashine hakichezi. Kilichobandikwa hulegea, au pembeni kuna mabaki ya gundi, au rangi yake haifanani na plastiki iliyo jirani. Pitisha vidole chini ya kiunzi kilicho juu ya vitufe, ambako kamera ndogo hufichwa. Kisha funika vitufe kwa kiganja kizima unapobonyeza.

Kadi ikinasa na papo hapo akatokea mtu wa kukuelekeza ubonyeze namba ya siri mara ya pili, mchukulie kuwa ndiye aliyetega. Ndani ya tundu ameingiza ukanda mwembamba unaoizuia kadi kutoka. Anataka aione namba yako, kisha ukate tamaa uondoke, naye aivute. Usiondoke. Simama hapohapo, toa ile karatasi na uipigie benki yako waifunge kadi. Usipige namba iliyo kwenye kibandiko cha mashine. Huenda atakayepokea ni mwenzake.

Mashine au muuzaji akikuuliza kama ukatwe kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo. Ukichagua ya kwenu, kiwango cha kubadilishia kinapangwa na upande wa mwenye mashine badala ya benki yako, na aghalabu ni kibaya zaidi. Kisheria huo si wizi, lakini ni fedha unayoitoa bure.

Waifai na misimbo ya QR. Tovuti nyingi leo husimba mawasiliano yasisomwe na mtu mwingine, kwa hiyo hatari kubwa ya waifai ya bure ni ukurasa wa kujiungia unaodai nywila ya barua pepe au namba ya kadi. Ukiulizwa hivyo, funga. Zima mpangilio wa simu kujiunga yenyewe na waifai, maana mtu anaweza kuanzisha mtandao wenye jina lilelile la hoteli. Mambo ya benki yafanye kwa data ya laini. Msimbo wa QR ulio mahali pa malipo uguse kwa ukucha kwanza: ukikuta kibandiko juu ya kibandiko, usiutumie.

Teksi. Kubalianeni bei au mita kabla mlango haujafungwa, na ramani iwe wazi kwenye simu yako.

## Hatua ya 7: Matapeli wa ana kwa ana

Mbinu ni nyingi. Paris kuna anayekufunga uzi mkononi kisha anadai malipo, na mwingine "anayeokota" pete ya dhahabu mbele yako. Bangkok dereva anakuambia hekalu limefungwa leo, anakupeleka kwenye duka la vito. Beijing na Shanghai vijana wachangamfu wanakualika kunywa chai, na bili inayokuja haisemeki.

Usijaribu kuzikariri zote. Jiulize mambo matatu. Nani ameanzisha mazungumzo? Je, ninaharakishwa? Je, ninahamishwa kutoka nilipopachagua mimi? Majibu mawili yakiwa mabaya, ondoka. Adabu ndiyo mlango wanaoingilia: wanajua ni vigumu kumkatiza mtu anayetabasamu. Neno moja, "Hapana, asante", na miguu isisimame. Mtu akikumwagia kitu kwenye nguo na mwingine akaja kukufuta, shika mfuko wako kwanza. Nguo utaisafisha baadaye.

Polisi bandia ndio huwachanganya watu zaidi. Wanatokea wawili wasio na sare, wanaonyesha kitambulisho haraka, wanasema wanatafuta fedha bandia na wanataka kuona pochi yako. Usiitoe. Sema kwa utulivu kwamba uko tayari kwenda nao kwa miguu hadi kituo cha polisi, au mrudi hotelini mkaongee mapokezini. Uliza jina na namba ya kazi. Wengi wa bandia hupotea hapo. Usiingie kwenye gari lao lisilo na alama, na usibishane na askari wa kweli mwenye sare; mpe nakala ya pasipoti kwanza, na halisi akiisisitiza, kwa kuwa katika baadhi ya nchi sheria inakutaka uwe nayo. Wale wa bandia wakigeuka wakali, toa kadi ya matumizi na fedha ya mfukoni. Kwa ajili hiyo ndiyo uliibeba yenye kidogo.

## Hatua ya 8: Pasipoti isitoke mkononi mwako

Hoteli katika nchi nyingi hulazimika kisheria kuandikisha wageni, kwa hiyo kuonyesha pasipoti ni jambo la kawaida. Kuiacha mapokezini usiku kucha si lazima kila mahali. Omba wainakili ukiwa umesimama pale. Wakitaka uwatumie picha, andika juu yake, ukikatiza maandishi, jina la hoteli na tarehe. Nakala ya namna hiyo ni ngumu kutumika kwingine.

Kamwe usiiweke rehani kwa kukodi pikipiki au chombo cha majini. Ukirudisha utaambiwa umekwaruza, na utalipa chochote ili uipate. Weka amana ya fedha, na kabla ya kuondoka rekodi video ukizunguka chombo chote, mwenye chombo akiwa anaonekana.

Usiku simu ya chumbani ikilia na sauti ikasema kadi yako imekataa, soma tena namba zake, jibu kwamba unashuka mapokezini. Kata, ushuke kweli.

## Hatua ya 9: Ikishatokea

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inamfungia mwizi mlango wa inayofuata.

1. Omba simu ya mtu mwaminifu, uwapigie kampuni ya laini waifunge.
2. Pigia benki. Funga kadi zilizopotea tu. Ile ya akiba uliyoiacha hotelini iendelee kufanya kazi.
3. Ingia kwenye akaunti yako, uiweke simu katika hali ya "imepotea". Usiiondoe kwenye akaunti. Ukiiondoa, unafungua kufuli linalomzuia mwizi asiiuze.
4. Badilisha nywila ya barua pepe, kisha ya benki.
5. Nenda polisi, upate taarifa ya maandishi. Bima nyingi hazilipi bila karatasi hiyo.

Siku chache baadaye huenda ukapata ujumbe kwamba simu yako imeonekana, bonyeza kiungo uone ilipo. Umetumwa na aliyenayo. Anahitaji nywila yako ili aifungue. Ufute. Vilevile mtu yeyote anayejitokeza kukuahidi kurudisha fedha zilizoibwa kwa malipo ya mbele ni tapeli wa pili.

Pasipoti ikipotea, toa taarifa polisi na ubalozini. Nakala na picha ulizobeba zitaharakisha hati ya dharura. Ikionekana baada ya kutoa taarifa, usisafiri nayo. Namba yake inaweza kuwa imeshaingizwa kwenye kumbukumbu za Interpol za hati zilizoibwa au kupotea, zilizoanzishwa mwaka 2002, na utazuiwa mpakani ukiwa na pasipoti yako mwenyewe.

## Hatua ya 10: Kabla ya kurudi na baada ya kurudi

Gari la kukodi uliloliunganisha na simu kwa Bluetooth hubaki na majina na namba za watu wako, na mara nyingine anwani ulizokwenda. Ingia kwenye mipangilio ya gari ufute simu yako kabla ya kukabidhi funguo. Kwenye nyumba ya kupanga, toka kwenye kila akaunti uliyoifungua kwenye televisheni.

Nyumbani, angalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye barua pepe yako na uondoe usivyovitambua. Futa programu za teksi na chakula ulizopakua kwa safari hiyo, baada ya kuondoa kadi yako ndani yake. Taarifa ya benki ipitie mstari kwa mstari kwa miezi mitatu, ukitafuta hasa makato madogo usiyoyakumbuka: wezi wengi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo kabla ya kuikamua. Ukiliona moja, wapigie benki siku hiyohiyo ulipinge na uombe kadi mpya.